Hewani Hakuna Ukuta

Mageti ya Migosi, nusu yake ni kazi ya mikono yangu.
Vitanda vya zahanati, grili za maduka ya Kibuye,
toroli, majiko, msalaba wa kanisa moja kule Manyatta:
vyote nimevishona kwa moto na havijawahi kunishtaki.
Geti likikatika bawaba, mwenye nyumba hupiga simu,
naenda na mashine nyuma ya pikipiki,
tunacheka, naongeza waya, nalipwa soda.

Lakini hiki kilicholala nyuma ya banda chini ya turubai,
mifupa ya mabomba, urefu wa ng'ombe watatu,
hakitanipigia simu.

Miaka minne nakijenga, wateja wakishaondoka,
ndege ya jioni ikishuka juu ya Otonglo,
tumbo lake limewaka taa, bati zangu zikitetemeka.
Mabomba yalitoka Mombasa kwenye lori la mchele,
kuta zake nyembamba, karibu ganda la yai.
Nimekata, nimepiga tupa, nimepatanisha midomo.
Vimebaki viungo sitini na viwili vya kuchomelea.

Perez, mke wangu, hahesabu viungo. Anahesabu viti.
"Viwili," anasema. "Cha pili ni cha nani?"
Najifanya natafuta tupa.

Jumapili nilijipa mtihani.
Vipande vitano, viungo vitano,
moto wa gesi, ncha ya buluu kama ulimi wa paka,
pumzi nimeibana.
Vikatoka vizuri, jamani!
Magamba yamelaliana kama ya ngege aliyetoka majini sasa hivi.
Nikavibana kwenye jiriwa, nikavikunja kwa nondo.
Cha kwanza kikapinda. Cha pili kikapinda.
Cha tatu kikalia tak,
kuni kavu,
pale pale nilipokuwa nikijisifu.
Ndani yake kitundu cheusi,
hakizidi jicho la omena.

Nilikaa nacho mkononi mpaka chai ikapoa.
Cha nne na cha tano sikuvigusa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sawa. Lakini walisema hayo wakiwa wamesimama chini.
Hewani hakuna ukuta.
Hakuna mawe, hakuna mchanga,
hakuna njoo kesho asubuhi na fundi wako.

Jumanne nikaenda karakana ya bandarini
kwa Akumu Rading', binti wa fundi wa reli,
anayechomelea matangi ya mvuke
na ana cheti ambacho kila mwaka hukipigania upya.
Elfu tatu kwa kiungo, akasema.
Nikazidisha kichwani. Ilikuwa ng'ombe wangu wote
na wa shemeji ambaye sijamwambia.
"Mimi pia ni fundi," nikasema,
kwa sauti ya mtu anayepunguziwa bei.

Hakubisha.
Alichukua kile kipande cha tatu,
akakipeleka mlangoni penye mwanga,
akakigeuza, akakigeuza tena.
"Mkono wako mzuri," akasema.
"Ila ni mkono wa geti.
Umezoea kusamehewa."

Neno hilo nilipanda nalo pikipiki hadi nyumbani.
Lingekuwa tusi, ningelijibu.

Usiku nikafunua turubai, nikashika chaki mbili.
Nyekundu: vyangu. Nyeupe: vya Akumu.
Kinyozi hajinyoi, lakini hushika kioo.
Gurudumu la mkia, nyekundu.
Kisanduku cha betri, nyekundu.
Mizizi ya mabawa, nyeupe, nyeupe, nyeupe, nyeupe,
na kila nyeupe ilikuwa kwato ikitoka zizini.
Usukani, nyeupe.
Nikafika kwenye mabano ya kiti cha pili,
viungo sita vidogo, vya kufikika kwa urahisi,
elfu kumi na nane,
nikasimama na chaki zote mbili hewani.

Sikumsikia Perez akija.
Alinitoa nyeupe vidoleni,
akainama, akatia alama, moja moja, sita,
akanirudishia,
akaniuliza kama nimekula.